Wiski ya Sista Brijidi

Adelina alikuwa mtu wa kusimama. Hata msibani, ambako kukaa ndiyo kazi yenyewe, angekaa kidogo tu, halafu ungemwona amechutama jikoni anachochea kuni za watu, mara yuko bombani na ndoo, mara anafagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Pale Mtoni kwa Azizi Ali walimzoea. Walisema huyu mama wa Kimakonde ametoka kwao kwa miguu, na miguu yake bado haijaambiwa kwamba safari imekwisha.

Hakutoka kwa miguu. Alikuja kwa meli kutoka Mtwara, mwaka mmoja baada ya Uhuru, yeye na mumewe Romani na mtoto wao Fransis mgongoni. Romani alikuwa mchonga vinyago. Alipata nafasi kwenye banda la makuti kando ya Barabara ya Kilwa, pamoja na wenzake wa kusini, wakawa wanashinda hapo na mipingo yao na tezo zao. Adelina naye akapata kazi ya kufua na kupiga deki katika zahanati ndogo ya misheni, karibu na nyumbani.

Jambo moja kila mtu alilijua juu ya Adelina: pombe ilikuwa adui yake. Kwao, upande wa Newala, kaka yake Anselmo alikufa msimu wa mabibo, akiwa amelewa nipa, ile pombe ya moshi inayokenekwa kwa maji ya mabibo. Alianguka njiani, mvua ikamnyeshea mpaka alfajiri, wakamkuta amekwisha kuwa baridi. Adelina alikuwa msichana bado. Alisimama mbele ya jeneza, mbele ya wazee, akasema hatakunywa maisha yake yote, wala hataolewa na mtu anayekunywa. Romani alipokuja kuposa alipewa sharti hilo, akalikubali, na akalishika. Kwenye ngoma za jando wenzake walipokezana kata ya pombe, yeye akaletewa chai ya rangi. Walimtania mpaka utani wenyewe ukachuja.

Basi, masika ya mwaka sitini na tano yalikuwa mabaya. Bati la zahanati lilivuja, maji yakaingia wodini, na Adelina akashinda siku nzima akiyazoa kwa beseni na kuyamwaga nje, kanga zimemganda mwilini. Ilipofika alasiri meno yalikuwa yanagongana, hata fagio halikukaa mkononi.

Mkuu wa zahanati alikuwa Sista Brijidi, mtawa na mkunga kutoka Ayalandi, mwanamke mrefu mwenye uso wa madoadoa kama yai la kware. Kiswahili alikuja nacho kutoka vitabuni, akina mama wa Kizaramo waliokuja kujifungua wakamnyooshea kilichobaki. Alimshika Adelina mkono, akamvuta mpaka kwenye kibaraza chake, akamfunika blanketi, akaingia ndani. Alirudi na kikombe cha bati kinachofuka moshi.

"Kunywa polepole," alisema.

"Dawa gani hii, Sista?"

"Dawa ya bibi yangu. Kwetu mvua kama hii inanyesha mwaka mzima."

Adelina alikipeleka kikombe mdomoni. Kwanza aliipata karafuu, akatabasamu, maana karafuu ni mwenyeji. Kisha ndimu, kisha sukari. Halafu nyuma ya hao wote kikaja kitu asichokijua. Kilikuwa na harufu ya mkate unaotoka tanurini, na ya asali ya nyuki wadogo, na kwa mbali harufu ya ubao uliopasuliwa sasa hivi. Kilimshuka kifuani bila kumuunguza. Kilimpasha joto polepole, kama mtu anayewasha taa chumba kimoja, akaenda cha pili, akaenda cha tatu, mpaka nyumba nzima ikawa na mwanga.

"Ndani mna nini, Sista?"

"Maji ya moto, sukari, ndimu, karafuu."

"Na nini tena?"

Sista Brijidi alicheka kidogo. "Na wiski. Wiski ya kwetu."

Adelina alikiweka kikombe chini. Alisimama, blanketi likaanguka. Alitazama ndani ya kikombe: kulikuwa kumebaki robo. Alijua analopaswa kufanya. Alipaswa kukimwaga hapo hapo, atoke na asirudi kibarazani pale. Akainama, akakichukua, akakimaliza.

Nyumbani hakusema kitu. Romani alimuuliza kama amepata homa, akajibu kwamba imepita. Lakini kuanzia siku hiyo hali yake ya kutotulia iliongezeka maradufu. Aliosha sufuria safi. Alitoka kwenda gengeni, akafika, akasahau alichofuata, akarudi, akatoka tena. Jirani yake Mwanaasha alipopika pilau siku ya Maulidi, harufu ya karafuu ilipopanda tu, Adelina aliinuka na sinia mkononi akasema anakwenda kutazama nguo kambani. Nguo kambani hazikuwapo.

"Una nini, Mama Fransis?" Romani alimuuliza. "Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Sina kitu, Baba Fransis. Joto tu."

Ndani ya moyo wake alikuwa anagombana na mtu aliyekwisha kufa. Alimwambia Anselmo: kile si nipa, hakikuunguza, kilikuwa dawa. Na Anselmo, aliyekuwa mcheshi maisha yake yote, kila mara alimjibu neno lile lile: basi ungekimwaga.

Jumamosi moja alimaliza kupiga deki mapema, akaenda kusimama mbele ya kibaraza cha Sista.

"Sista, ile dawa."

"Umeumwa tena?"

"Hapana. Mie mzima."

Sista Brijidi aliingia ndani. Kisha akaleta bilauri mbili ndogo na chupa ya kijani. Jumamosi jioni, alieleza, watoto wa wiki wakiwa wamekwisha kuzaliwa na mama zao wamelala, huwa anajimiminia kidogo, kidole kimoja basi. Alimimina, akaongeza matone mawili matatu ya maji, akamfundisha kunusa kwanza, mdomo ukiwa wazi kidogo, halafu kuonja na kuiacha ikae juu ya ulimi. Alisema hiyo ni shayiri tu, nafaka kama ulezi, imekenekwa mara tatu, kisha ikalazwa miaka ndani ya mapipa ya mti, gizani, haisemeshwi na mtu.

"Jina lake la zamani kwa lugha ya kwetu," alisema, "maana yake ni maji ya uzima."

"Kwetu maji ya namna hiyo yalimuua kaka yangu."

Sista aliizungusha bilauri yake. "Na kwetu yaliwaua wajomba zangu wawili," alisema.

"Sasa kwa nini unakunywa?"

"Kwa sababu ni tamu, Adelina. Na kwa sababu kizibo nakirudisha mwenyewe."

Ndivyo Jumamosi zilivyokuwa, zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Si kila Jumamosi. Nyingine kulikuwa na uchungu mkali wodini, nyingine Adelina alijizuia akaenda zake nyumbani kwa njia ya nyuma. Lakini alipokunywa, alifurahi. Hilo lazima lisemwe, ingawa kulikubali hakukumpa raha yeye mwenyewe. Alifurahi jinsi rangi ya wiski ilivyokuwa jua lilipopenya bilauri. Alifurahi kwamba onjo la kwanza na la tatu hayakufanana. Alifurahi kukaa. Ndiyo, pale kibarazani alikaa, mgongo umeegemea ukuta, miguu imenyooshwa, wakaongea na Sista habari za ng'ombe wa Ayalandi na za korosho za Newala. Akiinuka tu, wasiwasi unamrudia mabegani kama mzigo aliouacha mlangoni.

Huku mtaani jina lake lilikuwa linapanda. Akina mama wa UWT, umoja wa wanawake, walimchagua mwenyekiti wa tawi, kwa sababu alikuwa na sauti na hakuogopa mtu. Azimio la Arusha lilipotangazwa aliwaongoza kuandamana kuliunga mkono, wakiimba tangu Mtoni mpaka Temeke. Na katika mikutano kila mtu alisema wakati umefika wa kufanya kazi na kuacha uvivu, na uvivu ulipotajwa, gongo nayo ilitajwa.

Gongo ya mtaa ule ilipikwa na Auleria. Alikuwa mjane kutoka upande wa Masasi, mwembamba, mwenye sauti nzito kama ya mwanamume, na watoto watano. Pipa lake na bomba lake vilikuwa uani, nyuma ya ukuta wa makuti. Wote walijua, na wote walinyamaza, mpaka kijana mmoja wa jirani alipokunywa kupita kiasi akashinda siku nzima haoni vizuri. Hapo ukaitishwa mkutano. Adelina alizungumza kwa ukali kuliko wote. Kadiri alivyosikia sauti yake mwenyewe ikitetemeka ndivyo alivyoipandisha. Wakakubaliana: Jumamosi alasiri, akina mama pamoja na balozi wa nyumba kumi, Mzee Shomari, watakwenda kulivunja pipa.

Jumamosi hiyo alikusudia kutopita kibarazani. Lakini mchana ule mama mmoja alijifungua mapacha, wa pili akitanguliza miguu, na Sista alipambana mpaka jasho likamlowesha shela, wote watatu wakatoka salama. Sista alitoka wodini anacheka na kulia. Alileta chupa. Nani angekataa? Adelina alikunywa kidole chake kimoja, akafunga kanga vizuri, akaenda kuwaongoza wenzake.

Waliingia uani kwa Auleria wakiwa na michi na mapanga. Auleria alikuwa amesimama mbele ya pipa, mikono kiunoni.

"Hata hodi hampigi," alisema. "Nyie mmekuwa polisi?"

"Tumekuonya mara ngapi, Auleria?" Adelina alisema. "Unaua watoto wa watu!"

Aliinama alishike lile bomba, na uso wake ukapita karibu na uso wa Auleria. Auleria alimdaka kanga ya begani, akamvuta karibu zaidi, akavuta pumzi.

"Ngojeni," alisema. "Ngojeni kwanza. Mnuseni huyu."

"Niachie!"

"Mie napikaga pombe tangu sijavunja ungo, pua yangu hainidanganyi. Mwenyekiti wenu amekunywa. Tena si gongo." Alinusa tena, na safari hii hasira ilimtoka usoni, ukabaki mshangao. "Amekunywa kitu kizuri kuliko changu."

Kina mama walicheka. Nani asiyemjua Adelina? Mzee Shomari aligonga fimbo chini. "Auleria, usimzulie mtu ili ujiokoe. Mama Fransis, endelea na kazi."

Kunyamaza tu kungetosha. Angelivuta bomba, pipa lingevunjwa, Auleria angeitwa mwongo mpaka kufa kwake. Adelina aliutazama mkono wake juu ya lile bomba lenye joto. Alitazama wanawake waliokuwa nyuma yake, na mlangoni watoto wa Auleria wamejibanza.

"Anasema kweli," alisema.

Mwanaasha alidondosha mchi.

"Nimekunywa wiski. Kidogo. Si leo tu, zamani nakunywa." Aliliachia bomba. "Huyu mama asiitwe mwongo kwa ajili yangu."

Pombe ilisikika ikidondoka, tone, tone, kwenye kopo. Mzee Shomari alikohoa. Alikuwa mtu mzima mwenye busara zake, lakini jambo kama hili hakuwahi kuletewa. Mwisho alimwamuru Auleria amwage mwenyewe kilichokuwamo, akawaambia wengine waende makwao. Walitoka mmoja mmoja, bila kumtazama mwenyekiti wao.

Adelina hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alitembea mpaka Temeke, akapita sokoni bila kununua kitu, akarudi kwa njia ya reli, akaupita mlango wake mwenyewe, akageuka. Habari ilikuwa imemtangulia. Romani alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, mbele yake kikombe cha chai kisichoguswa.

"Miaka yote hii," alisema, "nakunywa chai."

"Baba Fransis..."

"Ngoma ya mdogo wangu, chai. Alipokufa baba, wenzangu wanamwagia kaburi na kunywa, mie chai." Hakupandisha sauti. Angeipandisha ingekuwa afadhali. "Ni tamu?"

Adelina alifikiria kudanganya. "Ni tamu."

"Ulikuwa unafurahi?"

"Ndiyo."

"Peke yako."

Adelina alichukua ufagio, akafagia, hata asijue anafagia nini.

Kesho yake, baada ya misa, Romani alivaa shati safi akaenda kilabuni. Adelina alimwona akikata kona. Mchana ule ulikuwa mrefu kuliko siku aliyomzaa Fransis. Alikaa, akasimama, akaenda mpaka barabarani, akarudi. Akilini alimwona Romani amelala njiani, mvua inamnyeshea, ingawa jua lilikuwa linawaka. Alipika ugali, akausahau, ukaungua. Jua lilikuwa halijazama mumewe aliporudi, anatembea sawasawa, amenuna.

"Imenishinda," alisema. "Nusu kopo tu. Nikawaambia wanichemshie chai, wakanicheka mpaka wakalala chini." Adelina alitaka kucheka naye, lakini Romani aliinua kidole. "Sijakusamehe lakini."

Uenyekiti aliuacha mwenyewe kabla ya kuulizwa, ukaenda kwa Mwanaasha. Wengine waliacha kumwamkia kwa muda, wengine walimwamkia kwa sauti kubwa kupita kiasi. Sista Brijidi alipopata habari alitaka kuja kuzungumza na Romani, Adelina akamkatalia. "Haya ya nyumbani, Sista," alisema. Na kibarazani hakukaa tena. Hakuwa amekula kiapo kipya. Alikwisha kuchoka na viapo. Ni lile neno la Romani, peke yako, lililokuwa limeingia kwenye ladha, likaiharibu. Kwa Auleria, ajabu, alianza kupita. Mwanzoni alimpelekea watoto mihogo, baadaye alipita tu. Auleria alimuuliza maswali mengi juu ya wiski, kama mfinyanzi anavyouliza habari za chungu cha nchi nyingine.

Mwaka wa sabini na moja Sista Brijidi aliitwa kwao. Magoti yalikuwa yamechoka. Siku ya kuagana alimpa Adelina chupa nzima, haijafunguliwa. Sista alimshika uso kwa mikono miwili, mikono iliyopokea nusu ya watoto wa Mtoni, akapanda gari.

Adelina aliibeba chupa kapuni, juu ya mchicha, siyo chini yake. Mchana mweupe, watu wakimwona, aliingia bandani kwa wachongaji akaiweka mbele ya mumewe.

"Nimekuletea," alisema.

Romani alipangusa mikono yake, akaifunika chupa kwa gunia, akasema watakwenda nayo nyumbani. Nyumbani aliifungua mwenyewe. Adelina alimwonyesha namna ya kunusa, na Romani alinusa, akafumba macho, akanusa tena.

"Kuna mti humu ndani," alisema.

"Wameilaza kwenye mapipa miaka mingi."

"Mti gani?"

"Sista alisema mwaloni."

"Mialoni ya Ibrahimu, ile ya kwenye Biblia!" Alinusa mara ya tatu, kama mtu anayemsikiliza mtu chumba cha pili. Kisha akaonja. Adelina alikuwa amesimama, mikono yake haina kazi, anamtazama koo likishuka. Romani aliusogeza mkeka kwa mguu, akapigapiga pembeni yake, na Adelina akaja. Mvua ilipoanza, walichemsha maji, wakaomba karafuu kwa Mwanaasha, ambaye aliwapa bila kuuliza ni za nini, ingawa alijua. Romani alikunywa kikombe cha moto, kijasho kikamtoka kwenye paji la uso, akaanza kucheka.

"Miaka yote hii, mama!" alisema. "Miaka yote hii!" Na kicheko kiligeuka kikawa kingine, akajifuta kwa kiganja. Akakichukua kizibo, akakirudisha, akaipeleka chupa juu ya kabati.

Waliinywa kwa uchache: Noeli, Pasaka, siku Fransis alipofaulu kwenda sekondari. Adelina alikuwa akiitazama ikipungua kwa wasiwasi, akaigeuza upande wa ukuta ili asiione. Madukani siku zile vitu vya nje vilianza kuadimika, sabuni yenyewe ilikuwa ya foleni. Shemeji mmoja wa bandarini alimletea wiski nyingine, ya nchi nyingine, akijua amemfurahisha. Adelina aliionja mbele ya wageni, akashukuru, kisha akamnong'oneza Romani: "Hii imelala darini jikoni. Moshi mtupu." Wageni wakaimaliza wao.

Siku chupa ya Sista ilipokaribia mwisho, alimwita Auleria. Ilikuwa alasiri, mwaka wa sabini na nne, watu wengi wa kwao wakihamishiwa vijiji vya ujamaa, na Auleria alikuwa amepata habari kwamba nyumba ya mama yake huko Masasi imebomolewa. Alikuja amechoka. Adelina alimpa bilauri. Auleria alinusa, akaweka kidogo mdomoni, akakaa nayo. Alikaa nayo kwa muda mrefu hata Romani akageuka kumtazama. Alipoimeza, machozi yalikuwa yamemlenga, na si kwa ukali.

"Aliyeipika hii ana subira," alisema. "Mie sikuipata. Nina watoto watano."

Aliimaliza, akaugeuza mdomo wa bilauri chini kuonyesha hakuacha hata tone, akaaga. Pipa lake la gongo lilikuwa motoni, lilihitaji kutazamwa, na unga wa vitumbua alivyokuwa amejaribu kuuza ulikuwa haupatikani tena. Akina mama wapya wa tawi walikuja siku chache baadaye kumwomba Adelina, kwa kuwa anaifahamu nyumba ile, awaongoze waende wakalivunje.

"Kwa yule siendi," Adelina aliwajibu. "Mkitaka, nendeni mkamtafutie unga."

Walisema huyu mama amelegea. Labda. Lakini hao hao walipoondoka alijifunga kanga kiunoni akatoka nao, akaenda mpaka duka la ushirika, akasimama mbele ya foleni na kupiga kelele kuhusu unga mpaka msimamizi akatoka nje kumsikiliza.